Neno la Mungu na maisha ya kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mwaka katika madarasa ya Biblia na jumuiya za nyumba kwa nyumba hapa Dodoma, mjini na vijijini, kuanzia Makole hadi Mvumi, Hombolo na Mpunguzi. Mahali ambapo makanisa yanatofautiana tumesema wazi. Mafungu tumeyataja bila kuyanakili, kwa hiyo weka Biblia karibu na uyasome mwenyewe.

## Kusoma na kuelewa

1. Mimi ni mgeni kabisa kwenye Biblia. Nianzie wapi?

Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16, nayo inakuonyesha Yesu akiwa kazini: barabarani, kwenye nyumba za watu, kando ya ziwa. Ukiimaliza, soma Waraka wa Yakobo, sura 5 tu, unaogusa ulimi, tajiri na maskini, ujira wa kibarua na mgonjwa kitandani. Ndipo urudi Mwanzo. Wengi huanza Mwanzo tarehe 1 Januari kwa moto mkubwa, wakifika Walawi wanaifunga Biblia hadi mwaka unaofuata.

Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, ndiyo inayosomwa makanisani kwingi, lakini Kiswahili chake kina maneno ambayo vijana wa leo hawayatumii. Si dhambi kuisoma sambamba na Biblia ya Habari Njema, yenye Kiswahili cha leo. Na bibi anayeelewa vizuri zaidi Kigogo asomewe Biblia ya Kigogo, maana ipo.

2. Nitajuaje kama fungu fulani linanihusu mimi?

Soma lililotangulia na linalofuata. Yeremia 29:11, lile la mawazo ya amani, limeandikwa kwenye kalenda na nyuma ya bajaji nyingi mjini. Watu waliotumiwa barua hiyo walikuwa mateka Babeli, na fungu la 10 linawaambia watakaa huko miaka 70. Fungu la 5 hadi la 7 linawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na wautakie amani mji waliohamishiwa. Mtumishi aliyehamia hapa kikazi na kila siku analalamikia vumbi na upepo anahitaji mafungu hayo kabla hajalidai lile la 11.

Wafilipi 4:13 nayo ni hivyo hivyo. Paulo ametoka kusema kwamba amejifunza kushiba na kuona njaa. Anazungumzia kuvumilia hali zote mbili, wala hasemi kwamba kila mtihani utafaulu.

Kipimo tunachokitumia katika ukurasa huu wote kimetoka Mathayo 22:37-40, kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Ukishapata maana ya fungu, angalia aliye mnyonge katika jambo hilo: mjane, yatima, mgeni, kibarua. Ikiwa maana uliyoipata inazidi kumkandamiza, rudi ukasome tena.

3. Je, sheria za Agano la Kale bado zinatubana?

Za vyakula na sadaka za kuteketezwa, hapana (Marko 7:19, Matendo 15). Lakini adili, rehema na uaminifu Yesu aliyaita mambo makuu ya sheria (Mathayo 23:23). Ndiyo maana tunasoma Walawi 19 tukiwa shambani na sokoni, kama utakavyoona kuanzia swali la 6.

4. Sina muda wa kuomba saa nzima. Mungu atanisikia?

Atakusikia. Sala aliyotufundisha Yesu ni fupi, na aliitoa mara tu baada ya kukataza maneno mengi (Mathayo 6:7-13). Mama anayetoka alfajiri na ndoo kufuata maji anaweza kuisali njiani, kwenda na kurudi.

## Shamba, soko na fedha

5. Mimi si mwajiriwa, nalima. Zaka yangu ni nini? Na mwaka wa njaa je?

Zaka ya Biblia tangu mwanzo ilikuwa ya nafaka, divai, mafuta na mifugo. Kwa hiyo debe la mtama, jogoo, mayai au maboga unayopeleka kanisani, yale yanayopigwa mnada nje baada ya ibada, ni utoaji kamili. Usijione mdogo mbele ya mwenye bahasha.

Soma Kumbukumbu la Torati 14:22-29. Kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa ndani ya malango ya mji ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale na kushiba. Kanisa linalopokea zaka bila kuwalisha wajane wake limeitii nusu ya fungu.

Mwaka wa njaa, toa kwa kadiri ya ulicho nacho, si kwa kadiri ya usichonacho (2 Wakorintho 8:12). Usitoe mbegu ya kupanda ukaacha watoto bila msimu ujao. Na usitumie sadaka kama sababu ya kumnyima mzazi chakula, maana Yesu alilikemea hilo kwa ukali (Marko 7:9-13).

Tunaulizwa sana kuhusu Malaki 3:10, ghala na madirisha ya mbinguni. Anayemdai mjane zaka mwezi wa pili, wakati ghala lake limebaki debe moja la uwele na mavuno bado miezi, amelisoma fungu la 10 akaliruka la 5. Katika fungu la 5 Mungu anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wamwoneao mwenye kuajiriwa, mjane na yatima. Ni sura ile ile.

6. Wanunuzi wote hununua kwa lumbesa. Nisiponunua hivyo sipati mzigo. Nifanyeje?

Walawi 19:35-36 na Mithali 11:1 haziachi mlango. Amosi 8:5 inawataja wafanyabiashara wanaopunguza kipimo na kuongeza bei, na sura inaendelea kwa hukumu. Mkulima anayeshonewa gunia lenye kilemba juu halafu akalipwa bei ya gunia moja ameibiwa, hata kama amekubali kwa kuwa hana jinsi. Sheria ya vipimo ya nchi nayo inakataza lumbesa.

Njia ya kutokea ni mizani. Nunua kwa kilo, mbele ya macho ya mkulima. Faida kwa gunia itapungua, hilo ni kweli. Lakini wapo wanunuzi ambao wakulima huwawekea mzigo kwa sababu hiyo tu.

Mkulima naye asijifiche. Mawe chini ya gunia, mahindi mabichi katikati, alizeti yenye mchanga: hayo yote ni mizani ya hadaa. Kumbukumbu la Torati 25:13-15 inakataza kuwa na vipimo viwili, kikubwa cha kununulia na kidogo cha kuuzia. Wenye maduka mnaijua ile debe na kile kisado.

7. Nina shamba la zabibu. Mnunuzi hajanilipa, nami nina vibarua wanaodai. Biblia inasemaje?

Inasema mlipe kibarua siku ile ile, kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo (Kumbukumbu la Torati 24:14-15). Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana. Katika mfano wa Mathayo 20, mwenye mizabibu anamwagiza msimamizi wake awaite wafanyakazi jioni na kuwalipa.

Tunajua zabibu za hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, zinaharibika haraka, na mkulima hana nguvu ya kumsubirisha mnunuzi. Ni kilio cha haki. Ila kibarua hakuandikiana na mnunuzi, amepatana na wewe. Tenga ujira wake kabla ya kuanza kuchuma, au uza sehemu ndogo ya mzigo kwa taslimu kwanza. Ikishindikana kabisa, mwambie asubuhi kabla hajashika mkasi, achague mwenyewe kufanya kazi au kuondoka. Kumwambia saa kumi na mbili jioni ni dhuluma.

Na kuna agizo ambalo wengi wetu hatujawahi kulijaribu. Walawi 19:10 inamkataza mwenye mizabibu kurudia kuchuma masazo na kuokota zilizoanguka. Hizo ni za maskini na mgeni. Mji huu unalima zabibu kuliko sehemu yoyote ya nchi. Je, ni mashamba mangapi huacha mstari mmoja wa mwisho kwa watoto wa jirani?

8. Zabibu zangu zinakwenda kutengeneza mvinyo. Natenda dhambi?

Hapa makanisa hayasemi kitu kimoja. Wasabato na Wapentekoste wengi hufundisha kujiepusha kabisa na kilevi. Waanglikana na Wakatoliki hutumia mvinyo mezani pa Bwana. Ukiwa chini ya kanisa fulani, zungumza na viongozi wako bila kuficha.

Biblia yenyewe ina pande mbili na inafaa zote zisomwe. Upo mvinyo wa Kana (Yohana 2) na ushauri kwa Timotheo (1 Timotheo 5:23). Ipo pia picha ya kutisha ya mlevi katika Mithali 23:29-35, na amri ya kutokulewa (Waefeso 5:18). Kwa maoni yetu, kulima zabibu ni kazi halali kama kulima mtama, ambao nao hupikwa ugali na hupikwa pombe. Lakini kuuza pombe kwa mtu unayejua anakunywa ada ya watoto wake ni jambo jingine. Warumi 14:21 inakutaka umfikirie ndugu huyo kabla ya mauzo.

9. Nimeshikwa na mkopo wa kausha damu. Na kikoba chetu kinatoza riba. Tofauti iko wapi?

Soma Nehemia 5. Watu wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa, na wakopeshaji ni ndugu zao wa imani. Nehemia hakuwaambia wadaiwa waombe zaidi. Aliwaita wakopeshaji hadharani akawaagiza warudishe mashamba na riba. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba maskini. Mkristo anayekopesha kausha damu, akijua mama huyu hataweza kulipa, yumo katika sura hiyo upande wa wanaokemewa.

Kikoba kina tofauti kwa kuwa riba hurudi kwa wanachama wenyewe mwisho wa mzunguko. Tatizo huja siku ya kufilisi, pale wenzako wanapoingia ndani na kubeba godoro na sufuria. Kumbukumbu la Torati 24:10-11 inamwamuru mdai asimame nje, mdaiwa mwenyewe atoe rehani. Fungu la 6 linakataza kuchukua jiwe la kusagia, yaani chombo anachopatia chakula cha siku. Andikeni hilo kwenye katiba ya kikundi: cherehani, jiko na vyombo vya kupikia havichukuliwi.

Wewe uliyekopa nawe una wajibu. Zaburi 37:21 inamwita asiyelipa kwa jina gumu. Nenda kwa mdai kabla hajakutafuta.

10. Kubeti je?

Neno hilo halimo katika Biblia. Mithali 13:11 na 28:20 zinaonya juu ya mali ya haraka, na pesa ya mkeka mmoja mara nyingi ni unga wa siku moja nyumbani. Ukishaanza kumficha mkeo, jibu umeshalipata.

## Ndoa na ukoo

11. Tunaishi pamoja miaka mingi, tuna watoto, ila mahari haijaisha. Kanisa linatuzuia kwenye ushirika. Tufanyeje?

Mahari haikuamriwa na Biblia, wala haikukatazwa. Ilikuwepo kwa akina Yakobo (Mwanzo 29) kama ilivyo kwetu ng'ombe na mbuzi. Wazazi wanaozuia ndoa kwa ng'ombe wawili waliobaki wanawaweka watoto wao katika hali wanayoilaumu wenyewe kila Jumapili. Tunawasihi wazee wetu: deni liandikwe, ndoa ifungwe.

Kinachochelewesha zaidi siku hizi ni sherehe: kamati, kadi za michango, ukumbi, sendofu. Ndoa ya kubariki baada ya ibada ya Jumapili, mashahidi wawili na chai kwa majirani, ni ndoa kamili. Nenda kwa mchungaji wiki hii ukamwombe tarehe.

12. Mume wangu amefariki. Shemeji wanasema Biblia inaruhusu nirithiwe, na shamba ni la ukoo.

Kumbukumbu la Torati 25:5-10 ilimtaka ndugu wa marehemu amwoe mjane asiyezaa mwana, ili jina la marehemu lisifutike na mjane asiachwe bila mlinzi. Asomaye hadi mwisho ataona kwamba aibu inamwangukia shemeji anayekwepa wajibu, na mjane ndiye anayekwenda langoni kwa wazee kushtaki. Kuligeuza fungu hilo kuwa njia ya kumchukua mwanamke na shamba lake ni kulipindua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inampa mjane uhuru wa kuishi anapotaka, kukaa bila kuolewa, au kuolewa na amtakaye, hata kama mila inasema vingine.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, viwanja vimepanda bei na maswali ya namna hii yameongezeka. Yakikufika, soma 1 Wafalme 21, habari ya shamba la mizabibu la Nabothi lililochukuliwa na mfalme Ahabu. Karatasi zilikuwepo, muhuri ulikuwepo, mashahidi walijitokeza, na Mungu aliita wizi na uuaji. Kumbukumbu la Torati 27:17-19 inamlaani anayeondoa mpaka wa jirani na anayepotosha hukumu ya yatima na mjane. Kuhusu kwenda kwenye vyombo vya sheria, tazama swali la 19.

13. Mume ananipiga. Nimeambiwa nivumilie na kumwombea.

Mwombee ukiwa mahali salama. Waefeso 5:28-29 inamtaka mume ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe, na hakuna anayeupiga mwili wake. Daudi alimheshimu mfalme Sauli kama mpakwa mafuta, na bado Sauli alipomrushia mkuki aliukwepa akakimbia usiku ule (1 Samweli 19:10). Kukimbia hakukumfanya mwasi. Nenda kwa mtu unayemwamini, hospitali ukiwa umeumia, na dawati la jinsia polisi. Kiongozi wa kanisa anayekurudisha nyumbani usiku huo huo hajakusaidia.

14. Biblia inataja tohara. Je, binti naye? Na lawalawa?

Tohara ya Mwanzo 17 ni ya wanaume peke yao. Hakuna fungu lolote la kuwakeketa wasichana. Sheria ya mwaka 1998 imeharamisha ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18.

Kuhusu lawalawa, tunaomba bibi na shangazi watusikilize kwa upendo. Ni maambukizi sehemu za siri, na hutibiwa kwa dawa zahanati. Kumkata mtoto mchanga hakuyaponyi, kunamwongezea kidonda na hatari ya kutoka damu hadi kufa. Hapa kipimo cha swali la 2 hakihitaji maelezo: mnyonge ni huyo mtoto mwenye siku chache.

## Mvua, ugonjwa na waganga

15. Mvua haikunyesha. Ni dhambi ya nani?

Usianze kumtafuta mtu. Yesu alisema mvua huwanyeshea wenye haki na wasio haki (Mathayo 5:45), na alipowataja wale 18 walioangukiwa na mnara, alisema hawakuwa wakosaji kuliko wengine, akawarudishia waliomsikiliza toba yao wenyewe (Luka 13:4-5). Kumnyooshea kidole bibi mwenye macho mekundu kuwa ni mchawi ni uongo unaoua.

Tuombe mvua, kama Eliya (Yakobo 5:17-18). Na tufanye kama Yusufu, aliyeweka akiba sehemu ya tano katika miaka ya shibe (Mwanzo 41:34). Kwa mkoa kama wetu wenye msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, anayepanda mahindi peke yake na kudharau uwele na mtama ameomba bila kutumia akili aliyopewa.

16. Nikimpeleka ndugu yangu Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, nimekosa imani?

Hapana. Eliya alichoka rohoni hadi akaomba afe (1 Wafalme 19:4-8). Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mpeleke ndugu yako hospitali, mwombee, na umtembelee siku ya kuona wagonjwa. Wengi huachwa huko bila mgeni.

Aliyeambiwa na mwombaji aache dawa asiache. Yesu alimtuma mwenye ukoma aliyetakasika ajionyeshe kwa kuhani (Marko 1:44). Aliyepona hapungukiwi kitu akipimwa.

17. Miti shamba, mganga, mafuta ya upako: ni kipi halali?

Majani na mizizi ni viumbe vya Mungu. Hezekia aliwekewa tini juu ya jipu lake (2 Wafalme 20:7). Kupiga ramli, hirizi na kuuliza wafu ni marufuku (Kumbukumbu la Torati 18:10-12). Mafuta yapo katika Yakobo 5:14, yakipakwa na wazee wa kanisa, na bei haijatajwa. Chupa inayouzwa madhabahuni ipime kwa Matendo 8:18-20.

## Ofisini, kwa majirani na mbele ya sheria

18. Nafanya kazi serikalini. Nikikataa posho ya safari ambayo hatukusafiri, wenzangu watanitenga.

Watoza ushuru na askari walimwuliza Yohana Mbatizaji swali lako (Luka 3:12-14). Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze kupita kiasi, wasishitaki mtu kwa uongo, watosheke na mshahara. Ukishakula tayari, soma Zakayo: alirudisha (Luka 19:8). Kama mwombaji wa huduma amesubiri wiki nzima kwa sababu faili limelala mezani kwako, hiyo nayo ni dhuluma hata bila bahasha.

Na nyama ya Idd kwa jirani Mwislamu, ambayo huulizwa sana na waliotoka Kondoa: kula kwa shukrani (1 Wakorintho 10:25-27).

19. Paulo anakataza kushitakiana. Mbona mnatuambia twende mahakamani?

1 Wakorintho 6 inahusu ndugu wanaodaiana mali na wangeweza kupatanishwa na kanisa. Anza huko, kwa utaratibu wa Mathayo 18:15-17. Lakini Paulo huyo huyo alipoona anakaribia kudhulumiwa maisha, alikata rufani kwa Kaisari (Matendo 25:11). Mjane anayenyang'anywa shamba ana haki ileile.

Mtoto akibakwa, hakuna kikao cha wazee wala mbuzi wa faini. Warumi 13:4 inaipa mamlaka kazi hiyo. Nendeni polisi na hospitali siku hiyo hiyo, kabla ya kumwogesha mtoto.

20. Mtumishi amesema Mungu amemwambia nimpe kiwanja changu. Nikikataa nitakuwa nimemkataa Mungu?

Hapana. Waberoya walisifiwa kwa kuyachunguza maandiko walipomsikia Paulo mwenyewe (Matendo 17:11), na 1 Wathesalonike 5:20-21 inataka unabii ujaribiwe. Katika 1 Wafalme 13, nabii mzee alimdanganya mtu wa Mungu kwa kusema malaika amesema naye, na aliyesadiki bila kupima alikufa njiani. Mshirikishe mwenzi wako na wazee wawili wa kanisa wasiofaidika na jambo hilo. Mwombe mtumishi ayarudie maneno hayo mbele yao. Na hati ya kiwanja ibaki ilipo mpaka mmalize kuzungumza.